Kabla hujalipia mashine ya kuinua uso, uliza inachoma kina gani

Siku hizi mwanamke wa Mombasa akishapita miaka arobaini, simu yake huanza kumwonyesha shingo za watu. Picha mbili zimewekwa ubavu kwa ubavu: kushoto uso umelegea, kulia umekazika kama ngozi ya ngoma. Chini yake pameandikwa "inua uso bila kisu, saa moja tu", kisha nambari ya WhatsApp na ofa inayoisha Ijumaa. Tiba inayotangazwa ni ya mawimbi ya ultrasaundi. Jina lake la sokoni ni HIFU, na wengi hapa kwetu huitamka "haifu".

Nimeulizwa juu yake na wasomaji wa safu hii, na kina mama wa chama chetu, na hata mzee mmoja wa Mtwapa aliyetaka kujua kama itamwondolea kidevu cha pili. Swali huwa moja: ni kweli au ni utapeli? Jibu langu ni kwamba tiba yenyewe ni ya kweli, ila kazi yake ni ndogo kuliko picha zile, na chini ya jina hilo moja zinauzwa mashine nyingi zisizofanana. Anayechagua kwa kutazama bei na picha anachagua gizani. Na uso si gauni, kwamba fundi akikosea utarudisha dukani.

Tuanze na kulegea kwenyewe, maana hapo ndipo wengi hupotea njia. Ngozi inashikiliwa na nyuzi za kolajeni, na nyuzi nyingine za elastini ambazo kazi yake ni kuirudisha mahali pake ukiivuta. Kadiri miaka inavyokwenda mwili hutengeneza kolajeni kidogo zaidi. Kwa wanawake mteremko huwa mkali hedhi ikikoma: makadirio yanayotajwa sana na madaktari ni kwamba ndani ya miaka mitano ya kwanza ngozi hupoteza karibu theluthi moja ya kolajeni yake. Jua la Pwani nalo huchangia, na sigara pia. Ongeza krimu za kujichubua zenye steroidi, ambazo hupunguza unene wa ngozi hadi mishipa ya damu ikaonekana mashavuni.

Lakini uso haushuki kwa sababu ya ngozi peke yake. Chini ya ngozi pana vifuko vya mafuta vinavyoupa uso umbo lake, navyo hupungua sehemu moja na kuteremka sehemu nyingine. Chini zaidi pana mfupa, na mfupa wa uso pia husinyaa na uzee. Kwa hivyo watu wawili wanaweza kukaa mbele ya kioo kimoja, wote wakasema "ngozi yangu imelegea", na kila mmoja akawa na tatizo lake. Mmoja ngozi imelegea kweli. Mwingine ngozi yake si mbaya, ila mafuta ya mashavu yamekwisha na hema limekosa nguzo. Ultrasaundi inamfaa wa kwanza. Wa pili inaweza kumharibu, na nitaeleza kwa nini.

Mama aliyewahi kwenda kliniki akiwa mjamzito ameshapigwa skani. Mawimbi yale ya sauti, ambayo sikio haliwezi kuyasikia, hutawanyika mwilini na kurudisha picha ya mtoto bila kuunguza chochote. Mashine ya kuinua ngozi inatumia mawimbi ya jamii hiyo hiyo, tofauti ni kwamba huyakusanya yakutane kwenye nukta moja. Watoto waliocheza na lenzi juani wanaujua mchezo huu: shikilia lenzi juu ya karatasi, na pale mwanga unapokutana moshi unatoka, hali hewa iliyo kati ya lenzi na karatasi haijapata joto la kukusumbua. Ndivyo mawimbi yanavyopita kwenye ngozi ya juu bila kuijeruhi, yakakutana ndani na kutoa joto la kati ya nyuzijoto 60 na 70. Kwa joto hilo kolajeni hujikunja na kuganda kwenye nukta ndogo ya kama milimita moja. Mwili unaiona nukta hiyo kuwa jeraha, unatuma mafundi wake, na kwa muda wa miezi miwili hadi mitatu, wakati mwingine hata sita, unajenga kolajeni mpya mahali pale. Uso hukazwa na matengenezo hayo ya mwili.

Kumbe basi mashine inachofanya ni kujeruhi kwa mpango. Ukilielewa hilo, maswali yote ya maana yanafuata yenyewe: inajeruhi wapi, kina gani, na aliyeishika anajua kilichoko chini ya mkono wake?

Kina hupimwa kwa milimita. Vichwa vya mashine vinavyotumiwa sana usoni ni vitatu: cha milimita 1.5, cha milimita 3, na cha milimita 4.5. Cha kwanza hulenga ngozi yenyewe, cha pili sehemu ya chini kabisa ya ngozi, na cha tatu hulenga tabaka gumu linalofunika misuli ya uso, ambalo madaktari huliita SMAS. Hilo ndilo tabaka ambalo mpasuaji hulivuta na kulishona anapoinua uso kwa kisu. Hapo ndipo ultrasaundi inapozidi mashine nyingine zisizo za kisu: inaweza kufika huko bila kufungua ngozi.

Kuna jambo jingine la kutufaa sisi wenye ngozi nyeusi. Leza nyingi huvutwa na rangi ya ngozi. Melanini inakunywa mwanga na kupata joto, na ndiyo maana mweusi akipigwa leza isiyomfaa hubaki na mabaka. Mawimbi ya sauti hayajali rangi. Lakini hilo lisikufanye ulale usingizi. Mashine ikishikwa vibaya, jeli ikiwa haba, kichwa kikiachana na ngozi au nguvu ikiwekwa juu mno, ngozi ya juu inaungua, na jeraha la moto kwenye ngozi nyeusi huacha alama inayokaa miezi mingi.

Mawimbi haya yaliyokusanywa hayakuanzia kwenye urembo. Mwaka 2004 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliidhinisha mashine ya namna hii kwa ajili ya kuunguza fibroidi za kizazi bila upasuaji. Kwa ngozi, mashine ya kwanza kupata kibali chao ilikuwa Ultherapy: mwaka 2009 kwa kuinua nyusi, mwaka 2012 kwa shingo na chini ya kidevu, na mwaka 2014 kwa mikunjo ya kifuani. Leo inamilikiwa na kampuni ya Merz ya Ujerumani. Mwaka 2019 ikaidhinishwa nyingine, Sofwave, ambayo haiendi mbali na milimita 1.5 na hivyo hailigusi lile tabaka la chini. Zaidi ya hizo zimejaa mashine za Korea na China, nzuri na mbovu, ghali na za bei ya pikipiki.

Tofauti moja inafaa uijue kabla hujaingia mlango wowote. Ultherapy ina skrini inayoonyesha tabaka za ngozi yako wewe, kama skani ya mjamzito, kabla mawimbi hayajaachiliwa. Mtumiaji anaona ngozi inaishia wapi, mafuta yako wapi, na lile tabaka gumu liko wapi, kisha anapiga. Mashine nyingi zinazoitwa HIFU hazina macho hayo. Zinapiga milimita 4.5 kwa kila mtu, mnene na mwembamba, kana kwamba Mungu alituumba wote kwa rula moja.

Sasa, unapata nini kwa pesa yako? Mwaka 2010 madaktari wa ngozi wa Chicago walichapisha matokeo ya watu 35 waliotibiwa kwa mashine hii usoni na shingoni. Baada ya siku 90, watu 30 kati ya hao walionekana wameinuka nyusi kwa kiasi cha kuhesabika. Ukisikia hivyo utasema tiba hiyo ni kiboko. Ila kipimo chenyewe, kwa wastani, kilikuwa milimita 1.7. Chukua rula ya mtoto wa shule uitazame milimita moja na robo tatu. Kwa nyusi si haba, jicho linaonekana limefunguka. Kwa shavu lililoshuka hadi likaifunika taya, ni kidogo sana.

Kuna jaribio ninalowashauri wanaoniuliza. Lala chali kitandani, shika kioo juu ya uso, ujitazame. Ngozi itateleza nyuma kuelekea masikioni na uso utaonekana umekazika. Uso huo unakaribia kile anachoweza kukupa mpasuaji. Sasa kaa kitako ujitazame tena. Ultrasaundi itakusogeza kipande tu cha safari kati ya nyuso hizo mbili, na kwa mwaka mmoja hivi, labda zaidi kidogo, kabla miaka haijaendelea na kazi yake. Kipande hicho kikikutosha, endelea kusoma. Kama unautaka uso wa kulala chali wote, hakuna mashine ya saluni itakayokupa, na ni heri uende kwa daktari wa upasuaji wa urembo ukasikie bei na hatari zake.

Wanaofaidika zaidi ni wale ambao ngozi imeanza kulegea au imelegea kiasi: mstari wa taya umeanza kupotea, nyusi zimelala, ngozi ya shingo imekuwa laini. Umri wao mara nyingi ni kati ya miaka 35 na 55 na kitu, ingawa umri si kigezo kama hali ya ngozi yenyewe. Mwenye ngozi nyingi inayoning'inia shingoni atasikitika, na mwenye mafuta mengi chini ya kidevu pia, kwa sababu ngozi inayobeba mzigo mzito haikaziki vizuri. Basi yule mzee wa Mtwapa nilimwambia aanze na mizani.

Narudi kwa wembamba. Zamani hapa Pwani unene ulikuwa heshima, bibi harusi alifungiwa ndani akalishwa hadi ang'ae. Leo watu wanajidunga sindano za kupunguza mwili zilizotengenezwa kwa ajili ya wenye kisukari, kilo zinakwenda haraka, na uso unakuwa wa kwanza kuonyesha. Mashavu yanaingia ndani, ngozi inabaki bila wa kuijaza. Mtu huyo anakimbilia haifu. Mashine isiyo na macho inapiga milimita 4.5 kwenye uso ambao tabaka gumu liko karibu kuliko hapo, au ambao kwenye kina hicho pana mafuta machache yaliyosalia. Joto linayayeyusha. Baada ya miezi mitatu mwenyewe anajiona amezeeka zaidi, na hajui kwa nini, maana alilipa ili ainuliwe. Kupotea kwa mafuta ya uso ni madhara yanayojulikana ya tiba hii, na mafuta hayo hayarudi kwa kungoja. Akikuambia mtu kwamba "haina madhara yoyote", hapo hapo ameshajitambulisha.

Kuna mishipa ya fahamu pia. Mmoja unapita karibu na ukingo wa taya na ndio unaoshusha mdomo wa chini, mwingine unapita kando ya paji na ndio unaoinua nyusi. Mawimbi yakiupata mmojawapo, mdomo unakwenda upande au nyusi inalala. Kwa kawaida hurudi baada ya wiki au miezi kadhaa, lakini wiki hizo si fupi kwa mtu anayekaa kaunta ya benki. Na hakuna anayepaswa kupiga juu ya mboni ya jicho wala kwenye kope. Majarida ya madaktari wa macho yameripoti watu waliopata mtoto wa jicho baada ya kupigwa HIFU karibu na macho.

Japani waliyaona haya kwa wingi. Machi 2023 tume yao inayochunguza usalama wa watumiaji ilitoa ripoti kuhusu watu walioungua na walioumizwa mishipa ya fahamu na mashine za HIFU, wengi wao kwenye saluni za urembo. Mwaka 2024 wizara yao ya afya ikatamka kwamba asiye daktari akimpiga mtu mawimbi haya anavunja sheria ya utabibu. Hapa kwetu msichana anaweza kufundishwa siku mbili na aliyeuza mashine, kisha akapewa uso wako.

Miezi michache iliyopita jirani yangu wa Kisauni, mama wa makamo ya mamangu, aliniletea simu yake. "Mwanangu, hebu nisomee hapa, wanasema nitume nusu leo." Bintiye alikuwa anaolewa wiki tano baadaye. Alikuwa amepokea mgao wake wa chama, na pesa hizo zilikuwa zote alizokuwa nazo za kujipamba yeye na kununua vyombo vya binti. Nilimwomba asitume kitu, twende tukaone kwanza.

Saluni yenyewe ilikuwa safi, kiyoyozi kinavuma, msichana wa watu mwenye adabu. Nikamuuliza mashine inaitwaje. "Haifu ya Korea." Ya kampuni gani? Akageuza mashine, nyuma palikuwa na maandishi ya Kichina. Nikamuuliza vichwa vyake ni vya kina gani. Akasema kuna kikubwa na kidogo. "Huyu mama atapigwa kipi?" "Vyote, ndiyo ofa." Hakumuuliza kama ana kisukari, wala dawa anazokunywa, na jirani yangu anakunywa dawa ya kuzuia damu isigande. Hakumshika hata shavu. Alichotaka kujua ni kama tutalipa kwa M-Pesa au taslimu.

Siku ya pili tukaenda kwa daktari wa ngozi. Tulilipa ada ya kumwona, na jirani yangu alinung'unika njia nzima kwamba analipa ili akatazamwe tu. Daktari alimketisha karibu na dirisha, akamfinya shavu kwa vidole viwili, akavuta ngozi ya taya akaiachilia, akamuuliza habari za uzito wake wa miaka mitano iliyopita. Kisha akasema, "Mama, ngozi yako haijalegea sana. Umekonda. Nikikupiga mashine hii nitakukondesha zaidi." Na akaongeza kwamba hata kama angefaa, wiki tano zisingetosha, matunda yangeonekana harusi imeshapita na wageni wamerudi makwao. Jirani yangu akanyamaza kidogo, akauliza, "Sasa daktari, niende harusini na uso huu?" Daktari akacheka, akamwandikia kinga ya jua na krimu ya usiku. Nje akaniambia, "Basi mimi na singo yangu." Singo na liwa haziinui ngozi, lakini hazijamchoma mtu mafuta ya mashavu.

Nimekisimulia kisa hiki kwa sababu ya pale daktari alipokataa pesa. Mimi siku hizi nikiulizwa ni wapi pazuri, kitu cha kwanza ninachotafuta ni mtu ambaye amewahi kumkataa mteja. Muulize hivyo hivyo kwa adabu: ni watu gani huwa unawarudisha nyumbani? Anayeijua kazi yake atakujibu bila kufikiri. Atataja wajawazito na wanaonyonyesha, wenye vidonda au chunusi kubwa zenye usaha mahali pa kutibiwa, wenye chuma au kifaa cha umeme mwilini kama kile cha kurekebisha mapigo ya moyo, wenye kovu la keloidi pale pale panapotakiwa kupigwa, wenye kisukari kisichodhibitiwa. Atauliza kama umewahi kudungwa fila na wapi. Atauliza krimu unazopaka, na hapo msomaji wangu usione haya: kama umejichubua miaka kumi, sema, kwa sababu ngozi iliyoliwa na steroidi huvilia damu upesi na haina uwezo wa kujijenga kama nyingine.

Kisha muulize jina kamili la mashine na kina cha vichwa vyake, na kama ataona tabaka za ngozi yako wakati anapiga. Kama haoni, atajuaje unene wako? Wapo madaktari wenye mikono mizuri wanaotumia mashine zisizo na skrini, kwa kuujua uso na kubadilisha vichwa kulingana na mahali: kina kifupi kwenye paji ambako mfupa uko karibu, kirefu kwenye shavu lenye nyama. Jibu la namna hiyo linaridhisha. "Ni ya kisasa" si jibu.

Uliza pia idadi ya mistari atakayopiga. Kila mara kichwa kinapokandamizwa hupiga mstari wa nukta, na kwa uso na shingo huhitajika mia kadhaa, mara nyingi kati ya 600 na 800 kwa mashine kama Ultherapy. Hapa ndipo ofa nyingi hujificha. Kichwa halisi kina idadi maalumu ya mistari, kikiisha kinatupwa, na bei yake ni kubwa. Ukiona bei imeshuka mno, ama mistari imepunguzwa hadi isikufae, ama kichwa ni cha bandia, ama kimechezewa kiendelee kuhesabu baada ya kuisha. Huko Marekani uso na shingo kwa Ultherapy huwa ni dola elfu kadhaa. Simaanishi kwamba bei kubwa ni dhamana, kwani wapo matapeli wa bei kubwa, lakini bei ya kusuka nywele haiwezi kulipia kazi hii.

Kuhusu maumivu, wanaume huyapuuza hadi yawafike. Penye mfupa, yaani taya na paji, huuma kama sindano ya moto inayopita haraka, na krimu ya ganzi haisaidii sana kwa sababu joto liko chini kuliko inapofika. Wengi hupewa dawa ya maumivu kabla. Kikao cha uso na shingo huchukua saa moja hadi moja na nusu. Baadaye uso huwa mwekundu au wenye joto kwa saa chache, unaweza kuvimba kidogo, kuuma ukiugusa au kuwasha kwa siku au wiki kadhaa. Kuungua, michirizi meupe au meusi, malengelenge au mdomo kwenda upande si mambo ya kungoja yapite.

Vile vimashine vidogo vya kujipiga nyumbani, vinavyouzwa mtandaoni, sivishauri. Kama havina nguvu ya kufika ndani umepoteza pesa, na kama vinayo basi umejigeuza msichana wa siku mbili mbele ya kioo chako.

Anayekutibu awe na leseni, na leseni ya biashara ya kaunti iliyotundikwa ukutani haihusiani na utabibu, hata kinyozi anayo. Madaktari wanasajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, na leseni zao hutolewa upya kila mwaka. Orodha yao iko mtandaoni, unaandika jina unaona. Mashine na vifaa vya tiba viko chini ya Bodi ya Dawa na Sumu, PPB. Hakuna aibu kumuuliza mtu nambari yake ya usajili kabla hujamkabidhi uso.

Ukiamua kufanya, piga picha zako mwenyewe siku ya kwanza, dirishani, bila vipodozi, uso mbele na pande zote mbili. Picha za saluni huwa na taa zao. Rudia mahali pale pale na saa ile ile baada ya siku 90, ndipo utajua kama umeinuka au umeambiwa tu. Omba risiti iliyoandikwa jina la mashine, vina vilivyotumiwa na idadi ya mistari. Likitokea baya nenda hospitali siku hiyo hiyo na karatasi hiyo mkononi, kisha peleka malalamiko KMPDC ikiwa ni daktari au kliniki, na taarifa ya kifaa kwa PPB, ambao hupokea ripoti za madhara kutoka kwa wananchi kupitia mtandao wao bila malipo.